Gharama ya Kuvuka Mpaka: Vita vya Kagera Vikitazamwa kutoka Nambis

1. Utangulizi

Wilaya za Mbulu na Hanang ziko mbali na mto Kagera. Kati ya uwanda wa Nambis na mto huo kuna bonde la Ziwa Eyasi, nchi ya Usukuma, na Ziwa Victoria lenyewe. Hata hivyo vita vilivyopiganwa ng'ambo ya mto huo mwaka 1978 na 1979 vilifika mpaka huku, kama vilivyofika katika kila wilaya ya Tanzania. Vilifika katika sura ya kijana wa mgambo aliyeitwa, lori lisilokuja kuchukua mazao, na duka la kijiji lisilo na sabuni.

Wanahistoria wengi wameandika juu ya vita hivi kwa kumtazama Idi Amin, na wachache kwa kuwatazama wakulima waliovilipia. Katika makala hii tunakusudia kufuata njia ya pili. Hatukusudii kumtetea Amin, wala kuwapunguzia heshima wanajeshi waliolala katika makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba. Tunakusudia kuuliza swali ambalo mchungaji anapaswa kuliuliza mbele ya vita vyo vyote: ni lini vita vya kumfukuza adui nyumbani hugeuka kuwa vita vya nchi ya watu wengine, na ni nani anayeilipa tofauti hiyo?

Yafaa ikumbukwe tangu mwanzo kwamba Vita vya Kagera vilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa kumwondoa mvamizi katika ardhi ya Tanzania. Sehemu ya pili ilikuwa safari ya kutoka mpakani hadi Kampala, na kutoka Kampala hadi mipaka ya Sudan na Zaire. Watu wengi huziita sehemu hizi mbili kwa jina moja, na kwa sababu hiyo huzihesabia haki moja. Hapo ndipo penye kosa tunalotaka kulichunguza.

2. Chanzo cha Vita

Tarehe 25 Januari 1971 Meja Jenerali Idi Amin aliipindua serikali ya Milton Obote, ambaye wakati huo alikuwa katika mkutano wa Jumuiya ya Madola huko Singapore. Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuitambua serikali hiyo mpya, akampa Obote hifadhi Tanzania. Mwezi Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kutoka Tanzania wakiwa na silaha, wakashindwa vibaya. Ndege za Amin zilijibu kwa kuishambulia miji ya Tanzania, na ilimbidi Rais Siad Barre wa Somalia kuwapatanisha majirani hao kwa Mapatano ya Mogadishu mwezi Oktoba mwaka huo.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu mara nyingi husahauliwa. Mvutano wa Tanzania na Uganda haukuanza mwaka 1978, na mpaka ule ulikuwa umevukwa kwa silaha kutoka pande zote mbili. Mwanahistoria Mkristo hana ruhusa ya kuanza hadithi mahali panapompendeza.

Pamoja na hayo, uovu wa utawala wa Amin hauna shaka. Waganda waliouawa katika miaka yake minane wanakadiriwa kufikia mamia ya maelfu. Mwezi Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana, na kifo chake kilizitikisa kanisa zote za Afrika ya Mashariki. Katika mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Hivyo vita vilipokuja, Tanzania ilikuwa imebaki bila jirani wa karibu wa kutegemea upande wa kaskazini.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera. Mwanzo wa Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,800, limekuwa sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliharibiwa na kuporwa, ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu, wanawake walitendewa unyama, na raia wanaokadiriwa kuzidi elfu moja waliuawa. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba taifa lina sababu ya kumpiga mvamizi huyo, lina nia, na lina uwezo. Maneno hayo matatu yalisikika kwa redio katika kila kijiji, na hakuna aliyeyapinga.

3. Kutoka Kyaka hadi Kampala

Kabla ya Desemba 1978 adui alikuwa amerudishwa nyuma. Jeshi la Wananchi, lililokuwa na askari wapatao 40,000, lilipanuliwa upesi kwa kuwaita mgambo, askari wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na magereza, hata likazidi 100,000. Kama vita vingesimama hapo, visingehitaji maelezo marefu. Lakini havikusimama.

Tukifuatilia mfululizo wa matukio tunaona kwamba lengo la vita lilipanuka hatua kwa hatua. Kwanza lilikuwa kuikomboa ardhi ya Tanzania. Kisha Tanzania ikadai kwamba Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani Amin, naye alipe fidia na kuacha madai yake juu ya ardhi yetu. Umoja ulipokuwa ukitafuta suluhu bila kulaani, Amin aliendelea kupiga mizinga kutoka vilima vya Mutukula, na mwezi Januari 1979 majeshi yetu yakavuka mpaka na kuutwaa mji huo. Kutoka Mutukula ilionekana kwamba hapawezi kuwa na usalama kama Masaka na Mbarara hazijatwaliwa. Miji hiyo ilitwaliwa mwishoni mwa Februari, na majumba yake mengi yalibomolewa. Kutoka Masaka, barabara ya Kampala ilikuwa wazi.

Hapo awali ilitumainiwa kwamba Waganda wenyewe ndio wangemwangusha Amin, kwa maasi ya ndani na kwa vikosi vya wakimbizi wao. Vikosi hivyo vilikuwa vidogo, na maasi yaliyotarajiwa hayakutokea kwa kiasi cha kutosha. Halafu Muammar Gaddafi alituma askari wa Libya kumsaidia Amin. Walipambana na majeshi yetu huko Lukaya mwezi Machi, na mamia yao walikufa katika vita hivyo. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan.

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hii ni nzuri kwa mtu aliyeanza kulima shamba au kujenga nyumba. Katika vita ni methali ya hatari. Humfanya mtawala aone kwamba kila hatua aliyokwisha kuipiga inamlazimisha kupiga nyingine, na kwamba kusimama ni aibu. Katika Vita vya Kagera kila hatua ilikuwa na sababu yake, na sababu hizo zilikuwa nzito. Lakini ukizipanga hatua zote pamoja, unaona kwamba taifa lililoondoka nyumbani kwenda Kyaka lilijikuta mpakani mwa Sudan, na safari hiyo yote haikuwahi kuwekwa mbele ya wananchi kama swali moja.

4. Hatari za Kisiasa

Hatari ya kwanza ilihusu sheria ya mataifa. Mwaka 1964, katika mkutano wa Cairo, viongozi wa Afrika walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika jambo hilo. Tulipomlaani Amin kwa kuvuka mpaka tulisimama juu ya kanuni hiyo. Tulipovuka sisi wenyewe na kuiondoa serikali ya jirani, tuliwapa wengine nafasi ya kutuuliza. Katika mkutano wa Monrovia wa Julai 1979, Rais Nimeiry wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria walitulaumu waziwazi. Jibu la Tanzania lilikuwa kwamba Umoja ulinyamaza Waganda walipochinjwa. Jibu hilo lilikuwa na nguvu ya haki. Hata hivyo ukweli wake haukuondoa hatari: nchi ndogo inayoishi kwa kanuni hupoteza ngao yake inapoivunja kanuni hiyo, hata kwa sababu njema.

Hatari ya pili ilikuwa kumwingiza mtu wa tatu. Vita vya majirani wawili vilipata askari kutoka pwani ya Bahari ya Kati. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya ilivuka Ziwa Victoria ikaushambulia mji wa Mwanza, ikilenga ghala la mafuta. Mabomu yalikosa shabaha, yakaangukia hifadhi ya Saanane na kuua wanyama. Watu walicheka baadaye. Lakini kama mabomu hayo yangelipiga ghala, mikoa yote ya Ziwa ingelikosa mafuta, na vita vingelichukua sura ambayo hakuna mtu mjini Dar es Salaam aliyekuwa ameipanga. Anayeikuza vita haamui peke yake ni nani atakayeingia.

Hatari ya tatu, ambayo kwetu ni kubwa kuliko zote, ilikuja baada ya ushindi. Anayeivunja serikali huwajibika kwa kile kinachokuja mahali pake. Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi mwezi Machi 1979, wakamchagua Yusuf Lule. Alitawala siku 68 tu. Kuondolewa kwake kulileta maandamano Kampala, na wengi waliona mkono wa Dar es Salaam katika jambo hilo. Akafuata Godfrey Binaisa, naye akaondolewa mwezi Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote, na mwezi Februari 1981 Yoweri Museveni akaanza vita vya msituni vilivyoendelea hadi Januari 1986. Katika miaka hiyo watu wa Luwero waliangamia kwa wingi. Majeshi yetu yaliyokwenda kuwakomboa Waganda yalibaki huko hadi mwaka 1981 yakiwa walinzi wa amani isiyokuwapo, katika nchi ambayo serikali yake haikuwa yetu na matatizo yake yalihesabiwa kuwa yetu.

Tusisahau upande wa pili. Kama Tanzania ingelisimama Mutukula, yamkini Amin angelijipanga upya na kurudi, na Waganda wangeliendelea kuuawa. Watu wa Kampala walipoyapokea majeshi yetu kwa shangwe, shangwe hiyo ilikuwa ya kweli. Hatusemi kwamba kuvuka mpaka kulikuwa dhambi. Tunasema kwamba kulikuwa na bei, na kwamba bei hiyo haikutajwa kabla ya mnunuzi kutoa mkono.

5. Hatari za Kiuchumi

Mwaka 1977 hali ya uchumi wa Tanzania haikuwa mbaya. Baridi kali iliyoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 ilikuwa imepandisha bei ya kahawa duniani, na hazina yetu ilikuwa na akiba ya fedha za kigeni. Akiba hiyo ilianza kupungua mwaka 1978, serikali iliporuhusu bidhaa nyingi kuingia na bei ya kahawa ilipoanguka. Vita vikaja wakati huo huo.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba vita viligharimu dola za Marekani milioni 500. Hesabu kamili ya vita ni ngumu, lakini namna gharama hiyo ilivyolipwa inaeleweka vizuri. Silaha, mafuta na magari vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na Tanzania haikupata msaada mkubwa kutoka nje kwa ajili ya vita hivyo. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na chakula Kagera, na katika sehemu nyingi mazao yakakosa wa kuyasafirisha. Mkoa wa Ziwa Magharibi, uliopewa jina la Kagera baada ya vita, ndio uliokuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kahawa, na mashamba yake ya mpakani yaliachwa na wenyewe waliokimbia.

Kisha katika mwaka ule ule wa 1979 mapinduzi ya Iran yalisababisha bei ya mafuta kupanda kwa ghafula duniani kote. Nchi iliyokwisha kutumia akiba yake haikuwa na kitu cha kujikingia. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikaja kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, na mikaja ikaendelea kukazwa. Mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalivunjika, na Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu mwaka 1979 kwa kutokubaliana na Rais juu ya masharti yake. Mwaka 1981 ilitangazwa mipango ya kunusuru uchumi. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianzishwa vita nyingine, safari hii dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, nchi ilikubali masharti iliyoyakataa miaka 7 kabla.

Hatupaswi kuutia vita kila mzigo. Uchumi wetu ulikuwa na magonjwa yake kabla ya Oktoba 1978: mashirika ya umma yaliyopata hasara, bei ndogo aliyolipwa mkulima, ukame, na bei za dunia tusizozitawala. Vita havikuleta magonjwa hayo. Vilitumia dawa iliyokuwa imewekwa kabatini kwa ajili yake.

6. Uwanda wa Mbulu na Hanang

Sasa turudi Nambis. Wakati wa vita Mbulu na Hanang zilikuwa katika Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002. Wananchi wa huku walikuwa wametoka karibuni katika kazi kubwa ya kuhamia vijijini katikati ya miaka ya 1970. Waliambiwa kwamba wakiishi pamoja watapata shule, zahanati na maji. Azimio la Musoma la 1974 liliahidi elimu ya msingi kwa wote kufikia Novemba 1977, na shule zilijengwa kwa mikono ya wazazi. Mwaka mmoja baadaye taifa likaingia vitani. Kuta zilikuwa zimesimama. Kilichokuwa kikisubiriwa ni vitabu, chaki na dawa, yaani vitu vile hasa vilivyohitaji fedha za kigeni.

Katika wilaya ya Hanang, mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalikuwa yameanzishwa na Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Canada. Yalitwaa ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarabaig, watu ambao walikuja kudai haki yao mahakamani katika miaka ya 1980. Kilimo cha namna hiyo hakifanywi kwa jembe la mkono. Hutegemea dizeli, matrekta na vipuri kutoka ng'ambo. Hivyo mpango uliokusudiwa kuipunguzia nchi haja ya kununua ngano nje ulikuwa wenyewe umefungwa kwa kamba ya fedha za nje. Mfugaji aliyepoteza malisho kwa ajili ya mkate wa mjini alikuwa na haki ya kuuliza mafuta ya taifa yanakwenda wapi.

Tofauti kati ya aliyekuwa na rafiki wa mbali na asiyekuwa naye ilionekana pia. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa kazi ya wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway, ilikuwa na makanisa rafiki ya kuiombea dawa. Zahanati ya kijiji ilitegemea bohari ya serikali peke yake. Bohari ilipokuwa tupu, nayo ilikuwa tupu. Uhaba wa vita haugawanywi sawasawa: humkalia zaidi yule asiye na mtu wa kumwandikia barua.

Mkulima wa Mbulu huishi katika uwanda ulioinuka juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kila anachonunua hupanda mteremko huo kwa gari, na kila anachouza huushuka kwa gari. Gari lisipokuja, mahindi na maharage yake hayana bei, na chumvi na mafuta ya taa havipatikani kwa bei yo yote. Mtu huyo hakupigwa risasi. Lakini alilipa, na aliendelea kulipa miaka mingi baada ya wimbo wa ushindi kunyamaza redioni.

7. Neno la Mungu na Mapokeo Yetu

Kanisa la Kilutheri halifundishi kwamba kila vita ni dhambi. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, linakubali kwamba Mkristo aweza kutumika askari na kupigana vita vya haki. Martin Luther aliandika kitabu juu ya swali hili mwaka 1526, akiuliza kama askari naye aweza kuwa katika hali ya wokovu. Alitenganisha vita vya lazima, vinavyomjia mtu asiyevitaka, na vita vya kupenda. Na hata yule mwenye haki alimwonya amche Mungu, asijisifu kwa haki yake. Ni onyo hilo la pili ambalo wahubiri wetu hulisahau. Tunapokwisha kuonyesha kwamba vita ni vya haki, hudhani kazi yetu imekwisha.

Maandiko yana mfano ulio karibu sana na jambo letu. Katika 2 Wafalme 14 tunasoma habari za Amazia, mfalme wa Yuda, aliyewapiga Waedomi katika Bonde la Chumvi. Ushindi huo ulimpa moyo wa kumtafuta Yehoashi wa Israeli ili wapigane. Yehoashi alimwonya kwa mfano wa mbaruti na mwerezi, akamshauri aridhike na sifa aliyoipata na akae nyumbani. Amazia hakusikia. Alishindwa Beth-shemeshi, ukuta wa Yerusalemu ukabomolewa dhiraa mia nne, na hazina ya hekalu ikachukuliwa. Tukumbuke kwamba ukuta huo haukuwa mali ya Amazia peke yake. Wakazi wa mji ndio waliolala bila ukuta. Tanzania haikushindwa kama Amazia. Lakini hazina yake ilitoka vilevile.

Bwana wetu naye, katika Luka 14, alitumia mfano wa mfalme anayeketi kwanza na kufanya shauri kabla ya kwenda vitani. Tumezoea kuuhubiri mfano huo kwa habari ya gharama ya uanafunzi, na ndivyo ipasavyo. Lakini mfano hauwezi kufundisha kitu kama msikilizaji haoni kwamba hata katika mambo ya dunia ni upumbavu kuacha kuhesabu. Na Kumbukumbu la Torati 20 inakataza kukata miti ya matunda wakati wa kuuhusuru mji. Sheria hiyo inamlazimisha askari kufikiri juu ya watu watakaokula baada ya vita.

Wakati wa vita vile Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni, aliyechaguliwa katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1977. Mkutano huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika ya Kusini ni jambo linalogusa ungamo la imani. Kanisa letu lilijua basi kusema neno la wazi juu ya siasa. Juu ya uhuru wa kusini mwa Afrika tulikuwa na sauti. Juu ya hesabu ya vita vyetu wenyewe tuliwaombea askari, tukazika wafu, tukafariji wajane. Hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini haikuwa kazi yote.

Wazee wa Kiiraqw hufunga mkutano wao kwa slufay, yaani dua ya baraka: mzee husema, na kusanyiko huitikia. Mzee hawezi kujiitikia mwenyewe. Twaona katika desturi hiyo kipimo kizuri cha uamuzi wa vita. Mwezi Novemba 1978 Mwalimu alisema na taifa likaitikia. Kwa safari ya Kampala taifa halikuulizwa liitikie. Liliambiwa mwishoni lishangilie.

8. Hitimisho

Mambo haya si ya kale tu. Mwaka 1998 Uganda na Rwanda ziliingia Kongo zikidai usalama wa mipaka yao. Mwezi Juni 2000 majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana yenyewe kwa yenyewe katika mji wa Kisangani, usio wao, na raia wakafa kwa mamia. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kulipa Kongo dola milioni 325. Deni hilo linalipwa na Waganda ambao wengi wao walikuwa watoto, au hawajazaliwa, wakati majeshi yao yalipovuka. Wanajeshi wa Tanzania nao wamekufa katika ardhi ya Kongo: mwezi Desemba 2017 wasiopungua 14 waliuawa wakati mmoja katika kambi ya Umoja wa Mataifa huko Semuliki. Na mwezi Machi 2025, baada ya mji wa Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, nchi za SADC ziliamua kuyaondoa majeshi yao, ambamo Tanzania ilikuwamo. Kuna wakati ambapo kurudi nyumbani ndiyo hesabu sahihi, na uamuzi huo wahitaji ujasiri wake.

Tunawasihi ndugu wachungaji na wanafunzi wa theolojia wasiridhike na swali moja la kwamba vita ni vya haki au si vya haki. Kila hatua mpya ya vita ni uamuzi mpya, na inahitaji haki yake yenyewe. Ukombozi wa Kyaka ulikuwa na haki yake. Safari ya Kampala ilikuwa na haki yake nyingine, iliyo dhaifu zaidi na yenye gharama kubwa zaidi, nayo ilistahili kupimwa peke yake. Pili, gharama itajwe mapema na itajwe kwa jina la atakayelipa: mkulima wa Nambis, mfugaji wa Basotu, mgonjwa wa zahanati, mtoto asiye na daftari. Tatu, anayekwenda kuivunja serikali ovu aulizwe kabla ya kuondoka ni nani atakayewatunza watu wake kesho yake.

Katika sharika zetu wapo bado wazee waliokwenda Uganda wakiwa vijana, na mama waliopanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni. Historia ya vita hivi haijaandikwa yote katika vitabu, na wenye kuijua wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi anayekwenda kwenye mazoezi ya usharika wilayani Mbulu au Hanang aende na daftari, awasikilize wote wawili, aliyeshika bunduki na aliyepanga foleni, na ayaandike maneno yao upande kwa upande. Siku watawala watakapotuambia tena kwamba sababu ipo, nia ipo na uwezo upo, Kanisa lenye daftari hilo litaweza kuuliza kwa heshima, na kwa ushahidi, uwezo huo ni wa nani.